Jibu kwa aliyeuliza habu kuukuu za Kibuye: tazama kikombe kwanza

Ndugu yangu, umesema umeonyeshwa habu mbili, yaani vitovu vya magurudumu, za baiskeli ya Raleigh pale soko la Kibuye, ya mbele na ya nyuma, zina kutu na zinacheza, na muuzaji anakuapia zitadumu kuliko mpya. Unauliza kama ununue. Mimi hutengeneza baiskeli hapa Kisumu, na habu za aina hiyo zimepita mikononi mwangu kwa wingi, hasa zinazotoka pande za Ahero na Mumias ambako zilibeba mchele, maziwa na abiria miaka nenda miaka rudi. Jibu langu ni nunua, lakini usilipe kabla ya kuzifungua.

Kutu ya nje isikutishe, na kucheza pekee si ugonjwa. Pengine koni, kile kipande cha kwenye ekseli kinachobana gololi, imelegea tu. Uhai wa habu uko kwenye kikombe, ile njia ya ndani ambamo gololi hukimbia. Koni, gololi, ekseli na nati zote unaweza kubadilisha. Kikombe cha habu ya zamani kimeshindiliwa ndani ya ganda, na hata pale kinapoweza kugongwa kikatoka, kupata kingine kinacholingana ni kazi. Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue upande mmoja. Akikataa, lipa bei ya chuma chakavu au uondoke.

Ikishafunguliwa, pangusa grisi yote kwa kitambaa chenye mafuta taa, washa tochi, halafu pitisha ncha ya kalamu ya biki polepole kuzunguka kikombe. Mstari laini unaong'aa ni alama ya kazi ya kawaida, na habu hiyo bado nzima. Ncha ikikwama kwenye vishimo, au ukiona chuma kimebanduka magamba, iache hata kama inang'aa nje kama sahani ya harusi.

Koni ndiyo hufa mapema, na ipo sababu. Gurudumu likizunguka, kikombe huzunguka nalo, kwa hiyo mzigo hugawanyika pande zote. Koni haizunguki. Uzito wote unakaa upande wake wa chini siku zote, ndiyo maana utakuta imeliwa upande mmoja na mwingine uko safi. Kuna mafundi wanaoifunga koni kwenye drili na kuisugua kwa msasa. Kwa mkwaruzo mdogo inasaidia. Lakini koni imefanywa ngumu kwenye ngozi yake tu, na ukishaivuka ngozi hiyo unabaki na chuma laini kitakacholika upesi. Kama vishimo vimeingia ndani, nunua nyingine.

Hapo kwenye kununua ndipo watu wengi huharibu habu nzuri. Ekseli ya nyuma ya baiskeli nzito za Uingereza mara nyingi ni ya inchi 3/8, nyuzi (mizunguko ya skrubu) 26 kwa inchi. Ekseli nyingi za kisasa ni za milimita 10, na uzi mmoja uko milimita 1 kutoka kwa mwenzake. Nyuzi hizo mbili zinakaribiana mno kwa macho. Nati ya milimita 10 itaingia kwenye ekseli ya inchi 3/8, itaonekana imekubali, kisha ukikaza kwa nguvu inateleza na kula nyuzi zote. Ya mbele nayo hutofautiana: za zamani mara nyingi ni inchi 5/16, za kisasa nyingi ni milimita 9. Nenda dukani na ekseli yako mkononi, na koni mpya izungushe kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho wa nyuzi. Ikitikisika, si yake. Na ubiringishe ekseli juu ya kioo uone kama imepinda.

Gololi badilisha zote, hata kama zinang'aa. Kwa kawaida nyuma huingia 9 za inchi 1/4 kila upande, na mbele 10 za inchi 3/16. Usichanganye mpya na kuukuu: zilizochakaa zimepungua kidogo, kwa hiyo mpya zinabeba mzigo peke yao na kuchimba kikombe. Wala usishindilie mpaka zikose nafasi. Lazima ubaki mwanya mdogo, la sivyo zinasuguana.

Kukaza kunataka subira. Koni ikisogezwa hadi mchezo uishe kabisa, ukifunga nati ya nje itasukumwa ndani zaidi na gololi zitabanwa. Acha mchezo mdogo sana kabla ya kufunga, kisha jaribu tena. Gurudumu lililokaa sawa, ukiliinua na kuliacha, hujizungusha lenyewe mpaka pale penye uzito wa vali pakae chini. Ukiona hivyo, usiguse tena.

Hizo mbili zako bado zina spoki? Ulizia. Na umzuie muuzaji asizikate kabla friwili, ile gia ya nyuma ya mnyororo, haijatolewa, maana rimu ndiyo mpini wako wa kuizungushia. Friwili iliyoshikwa na kutu kwenye habu isiyo na spoki itakusumbua sana. Hesabu pia matundu: baiskeli hizo nzito huwa na 32 mbele na 40 nyuma, na rimu ya matundu 36 haitakufaa. Kagua kila tundu kama halijapanuka au kupasuka ukingoni.

Ukibahatika ukakuta imeandikwa Sturmey-Archer AW, hiyo ni ya gia tatu zilizofichwa ndani, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, na mara nyingi mwaka wake umepigwa muhuri kwenye ganda. Usiifungue kwa haraka. Nyingi zinazoonekana zimekufa zimekauka tu. Tia mafuta mepesi ya injini kwenye kitundu chake, izungushe, iache ilale, urudie. Grisi usiijaze kwenye gia zake.

Kwa habu za kawaida, grisi nyingi na safi. Kama baiskeli itapita tambarare za Kano wakati wa mvua, zifungue maji yakishapungua, kwa sababu tope jeusi la kule likiingia na kukaukia ndani hula koni mpya upesi sana.

Weka hapa picha za vikombe vilivyofunguliwa na idadi ya matundu, nitakwambia ipi ya kuchukua.