Kabla hujanunua raiza, jifunze kusimama kwanza

Nyinyi mnaoanza rafu rodi, yaani kuendesha pikipiki kwa njia mbovu, kila mara swali ni lile lile, eti niweke raiza, vile vipande vya kuinua usukani, za milimita ngapi ndio usukani ukae juu. Mimi nasema usiweke, angalau si saa hii.

Mimi niliweka. Mara yangu ya kwanza kuteremka Kona Baridi kuelekea Magadi na kuingia zile njia za mawe na vumbi za pembeni, nilirudi Nairobi mgongo umekufa na viganja vimetoka malengelenge, nikasema huu usukani ulitengenezewa watu wafupi. Jumatatu niko Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikanunua raiza za milimita 40, fundi akafunga haraka haraka na hakugusa kebo hata moja. Wikendi niko kwa kona kali ya kupanda huko nyuma ya Ngong, nikakata usukani wote, kebo ya eksileta ikavutika, injini ikapiga kelele yenyewe na mkono sijazungusha, pikipiki ikanitupa kwa miiba ikaendelea na safari yake.

So kama ni lazima uweke, washa injini pikipiki ikiwa imesimama hapo nyumbani, piga usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia, ukisikia mlio unapanda jua kebo ni fupi. Angalia klachi pia, na paipu ya breki ya mbele isivutike. Na pima unene wa usukani kabla ya kulipa, kuna wa milimita 22 na kuna ule mnono wa 28, raiza za huu haziingii kwa ule.

Lakini usukani haukuwa shida yangu. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu siku hiyo alinitoa miiba akicheka, akaniambia wewe husimami kwa futiresti, unaning'inia kwa usukani kama nguo kwa kamba. Ukweli ulikuwa huo. Miguu ndiyo inabeba mwili, mikono kazi yake ni kuelekeza tu. Kanyaga futiresti na ile sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole, magoti yakunje kidogo yakishika tangi, halafu inama kwa nyonga na mgongo ukae sawa, vile mama anainama akipalilia maharagwe siku nzima na jioni bado ana nguvu ya kukugombeza. Viwiko nje, kama unatafuta nafasi kwa mlango wa matatu. Gripu uishike kama umeshika kifaranga. Ukitaka kujua kama umepata, tafuta mahali tambarare, nenda polepole umesimama, legeza vidole vyote: mwili ukianguka mbele ama ukivutwa nyuma, bado unaning'inia.

Hapo sasa ndio urefu wa usukani unaweza kupimwa, ukiwa umesimama, si ukiwa umekaa kama uko steji. Usukani ukiwa chini sana utajikunja na mabega yatachoka. Usukani ukiwa juu sana wewe unasukumwa nyuma, tairi ya mbele inakosa uzito, na kwa kokoto kona itakuteleza bila kukuonya. Mimi niko futi sita na kidogo, nilitoa zile za 40 nikabaki na 20. Rafiki yangu mfupi hana raiza hata moja na ananiacha kila siku.

Kitu kingine watu wanaruka na ni cha bure kabisa: mkono wa klachi na wa breki, zile leva unavuta kwa vidole. Zinatoka dukani zimewekwa za mtu aliyekaa, ukisimama kifundo cha mkono kinapinda juu na ndio maana kinauma. Chukua spana namba 8 ama 10, legeza, uzishushe kidogo mpaka ukisimama mkono unyooke.

Mliotoka kwa boda mna balansi kuliko sisi wote, ila Boxer ilipangwa ya kukaa na abiria nyuma, kwa hivyo hiyo tabia ya kukaa wima mtaitoa polepole. Kupanda mlima leta kifua mbele, kushuka rudisha makalio nyuma, mchangani rudi nyuma kidogo, usiachilie eksileta na uangalie mbali.

Na mvua ikinyesha Isinya ule udongo mweusi ukijaa kati ya tairi na madigadi, hapo hakuna pozi itakusaidia, shuka utafute kijiti.