Shangazi Akujibu: Mwanangu yuko kazini, ila yuko sebuleni

Shikamoo Shangazi,

Huenda tunalingana umri, ila heshima ya safu hii naiweka palepale. Niko Gungu, Kigoma. Nauza dagaa: nanunua mwaloni Kibirizi, wanakoshukia wavuvi, naanika, nasafirisha Dar.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 26. Alimaliza chuo Dodoma, akasota mtaani bila ajira, mwezi wa kwanza akapata kazi ya kujibu wateja wa kampuni ya Marekani kwa kompyuta. Ofisi yake ni sebule yetu. Anaanza saa kumi na moja jioni, anamaliza saa saba usiku. Muda wote huo televisheni izimwe, mdogo wake wa kidato cha pili asisome kwa sauti, wageni wanong'one. Mwezi wa tatu akageuza tena, eti sasa anaanza saa kumi. Hapo nikaona ananichezea. Asubuhi analala mpaka saa tano. Nikimtuma Kibirizi kupokea magunia, ananuna. Umeme wa LUKU unakwisha haraka na mnunuzi ni mimi. Jirani kaniuliza kama kijana kajiunga na frimasoni, maana usiku wa manane anasikika akiongea Kiingereza peke yake. Mimi siku za giza, mbalamwezi isipokuwepo na wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani, naamka saa kumi alfajiri, nalala lini?

Kilichoniuma zaidi: juzi nimempelekea ugali na samaki wa mgebuka wa kukaanga. Nimeingia na sinia, nimejifunga kanga moja. Kumbe yuko kwenye kikao, wazungu wananiona. Mmoja akanipungia mkono. Mwanangu akafunga kompyuta kwa kishindo, akasema, "Mama, unataka nifukuzwe?" Hajawahi kuniinulia sauti. Baba yake anasema mwache mtoto atafute. Nimwekeeje masharti mtu mzima bila kuonekana namfukuza?

Mama wa Gungu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwenzangu. Nianze na la saa, maana hapo umemwonea. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, wakazirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi saa zetu hatuzigusi. Kama kampuni yake iko upande wa New York, na muda ulioandika unaelekea huko, basi ofisi inayofunguliwa saa tatu asubuhi kwao, kuanzia Novemba hadi Machi huku inakuwa saa kumi na moja jioni, na miezi mingine ni saa kumi. Hajakuchezea. Novemba atarudi kwenye saa kumi na moja, usije ukamgombeza upya. Kosa lake ni kwamba alikutangazia tu, hakukueleza, na hilo mwambie.

Halafu kuna maneno hukuyaandika lakini nayasikia: kwamba mtu aliyeko nyumbani hana kazi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimama, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, wafanyabiashara wa dagaa mlikaa nyumbani miezi mitatu. Aliyewaita wavivu nani? Kijana wako yumo ndani lakini yuko zamu, na zamu ina msimamizi anayemhesabia dakika. Jirani akikuuliza tena, jibu ni moja: "Yuko kazini." La frimasoni mwachie mwenyewe, watu wa Gungu wana muda.

Sasa nije upande wako, maana na yeye amejisahau. Sebule ni ya familia. Hakuna mwajiri wa Marekani aliyekodi sebule yako. Kijana anayezima televisheni baba yake asione taarifa ya habari ya saa mbili usiku, katika nyumba ambayo hata bati moja hakulinunua, amevuka mpaka, hata kama mshahara wake ni wa dola. Jioni ndipo nyumba inapoishi. Huku kwetu magharibi mwa nchi jua linazama karibu saa moja, watu wanatoka kazini, wanaswali, wanakula, wageni wanapiga hodi. Huwezi kuiambia nyumba nzima inong'one kwa muda wa saa nane kila siku, mwaka mzima.

Kwa hiyo ahame sebuleni. Sijui una vyumba vingapi, lakini mfanyabiashara wa dagaa asiye na stoo ya magunia uani sijamwona bado. Hiyo stoo ndiyo ofisi yake. Magunia yahamie barazani chini ya turubai, fundi avute waya na kuweka soketi mbili, dari iwekwe ili mvua ikipiga bati mteja asidhani simu imekatika. Gharama ni ya kijana, siyo yako, na ununue spika za masikioni zenye kinasa sauti? Hapana, hizo pia anunue yeye. Akikuambia stoo inanuka dagaa, mwambie mteja wa Marekani hasikii harufu kwenye simu, na kwamba dagaa hao ndio waliomlipia chuo. Ukimtoa sebuleni umemaliza ugomvi wa televisheni, wa mdogo wake kusoma, wa wageni, na wa Kiingereza cha usiku wa manane kinachopenya ukutani na kukunyima usingizi. Ndiyo maana sihangaiki kukuandikia sheria ya kila kimoja.

Mkishindwa kabisa stoo, basi zile siku za giza ambazo mitumbwi inaingia ziwani, uhamie wewe chumba cha mbali na sauti, au ahamie yeye. Siku za mbalamwezi wavuvi wamepumzika, unaweza kumvumilia. Nakuambia mpange kwa mwezi wa angani kwa sababu kazi yako wewe inafuata mwezi huo, na yake inafuata saa za Marekani. Kalenda mbili ndani ya nyumba moja, lazima ziandikwe kwenye karatasi moja, zibandikwe mlango wa jikoni, kwa saa zetu za Kiswahili ili hata msichana wa kazi aelewe.

Kumtuma. Mtu aliyelala saa nane usiku akiamka saa nne asubuhi amelala kwa muda wa saa nane tu kama mtu yeyote. Usimguse kabla ya hapo. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa ni mtoto wako wa siku zote: atumwe sokoni, atumwe benki, ateke maji kama bomba limekauka, na asinune. Magunia ya alfajiri hayangoji saa tano, hayo yaletwe na guta, naye alipe guta. Ni njia nzuri ya kufanya kazi akiwa amelala.

Umeme. Hapa usimlaumu kompyuta kabla ya kupiga hesabu. Chukua wati, zidisha kwa saa, gawanya kwa elfu moja, unapata uniti. Kompyuta mpakato ya wati 60 kwa saa nane haifiki hata nusu uniti. Lakini birika la umeme la wati 2000 likiwaka robo saa tu linakula nusu uniti nzima, sawa na zamu yake yote. Kachungulie, kijana wa zamu ya usiku hakosi chai. Na kama mita yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, mkivuka hapo bei ya uniti inapanda, ndiyo maana unaona hela ileile inaleta uniti chache. Chai ichemshwe jioni kwa mkaa, itiwe kwenye chupa. LUKU ya mwezi anunue yeye, yote, na wewe ubaki na chakula. Usimwombe kila inapolia. Mwenye mshahara haombwi umeme, anaununua.

La sinia nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililokufanya uandike. Mzungu aliyekupungia mkono hakukudharau, alikusalimia. Mwanao ndiye aliyeona haya, na haya zake zilimtoa adabu. Aje akuombe radhi akiwa amekaa chini, siyo kwa ujumbe wa simu. Akishaomba, usilirudie. Na wewe kuanzia leo, akifunga kitambaa kwenye kitasa cha mlango, hata nyumba ikiungua piga hodi kwanza. Chakula mfunikie, atakula muda wake wa mapumziko. Kazi kama hizo huwa na mapumziko, mwambie ayapange Magharibi, aswali na baba yake, asalimie waliofika, arudi.

Yote haya yasemwe kwenye kikao, siyo mlangoni ukiwa na hasira. Chagua siku ya mbalamwezi, Jumamosi mchana, baba akiwepo. Na baba asiishie "mwache mtoto atafute." Aongee.

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, niko Isevya, Tabora, nachora matangazo kwa kompyuta nikiwa chumbani kwangu nyumbani kwa wazazi. Baba amesema kuanzia mwezi ujao nilipe kodi ya chumba. Nimeumia. Baba mzazi anamdai mwanawe kodi kama mpangaji? Na kama nikikataa, ni utovu wa adabu?

Fundi wa Isevya

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kilichokuuma ni lile jina la kodi, siyo hela, maana mchoraji wa matangazo asiyelipia ofisi popote anajua kabisa amepata nafuu. Usikatae. Ila usisubiri kudaiwa kila tarehe moja kama mpangaji. Shika kitu kimoja cha nyumba kiwe chako moja kwa moja: bili ya maji, au ada ya mdogo wako, chenye gharama inayokaribia alichotaja mzee. Kilipe kabla hujaulizwa. Na ukishakishika, una haki ya kuomba mlango wako usifunguliwe ovyo ukiwa na kazi ya mteja.

Usimkabili baba mwenyewe. Ongea na mama kwanza, yeye atamfikishia, na atajua kumfikishia usiku mzee akiwa ameshakula.