Jibu: Dhana na vihatarishi kwenye mpango wa ushirikiano wa maendeleo

Mkuu, nimekuelewa: umepewa kuandika sehemu ya vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuukwamisha mpango, katika mpango wa ushirikiano wa maendeleo wa miaka mitano, na dhana uliyoachiwa, yaani jambo ambalo mpango unategemea litokee, ni moja tu, kwamba wafadhili wataendelea kutoa fedha. Anzia hapo hapo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya rais, na huduma za UKIMWI Tanzania na Kenya zikayumba. Uingereza nayo ilishusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lake la taifa hadi 0.5 mwaka 2021.

Kila dhana iulize: isipotimia, nini kitasimama kwanza? Jibu ndilo kihatarishi chako. Kisha andika dalili ya mapema, nani anaifuatilia, na shughuli zipi serikali itazibeba kwa bajeti yake. Hilo la mwisho ndilo watu hulikwepa, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mvua usiisahau, zile za El Niño mwishoni mwa 2023 zilikata barabara na madaraja.

Vihatarishi vichache vyenye msimamizi anayejulikana vinatosha. Makadirio ya deni na fedha za kigeni usiyafanye peke yako; mpelekee mchumi wa Hazina kabla rasimu haijasainiwa.