Ananguruma Tukisogelea Bakuli Lake

SWALI: Habari daktari. Nina mbwa dume wa miaka miwili. Ni mpole, ila akiwa anakula hataki mtu apite karibu, ananguruma. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka sita alimnyang'anya kiatu alichokuwa anakitafuna, akamrukia mkono, ingawa meno hayakumgusa. Siku hizi akilala kando yangu kwenye kochi anamngurumia hata baba watoto. Nilishauriwa niwe namwondolea bakuli katikati ya mlo, na akinguruma nimchape ili ajue nani mkubwa. Nimefanya hivyo, naona anazidi. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kuanzia mlo wa leo acha kumchapa na acha kumwondolea bakuli. Sishangai kwamba anazidi. Mbwa wa namna hii ana hofu moja tu, kwamba anayekuja anakuja kunyang'anya, na kila ulipochukua bakuli ulimhakikishia kuwa hakukosea. Hayo ya "nani mkubwa" yalitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofugwa pamoja ndani ya uzio hali si wa familia moja. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliyaeneza sana, ndiye huyohuyo aliyeandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si wagombea ukubwa.

Mngurumo nao usiuzime. Kabla hajanguruma huwa ameshasema mengi: anaongeza kasi ya kula, shingo inakakamaa, kichwa kinashuka juu ya bakuli, na anakutazama kwa pembeni hadi weupe wa jicho unaonekana. Mbwa aliyechapwa kwa sababu ya kunguruma anaweza kujifunza kunyamaza, kisha siku moja akauma bila kutoa taarifa. Na kuhusu mkono wa mtoto, usidhani alikosa shabaha. Mbwa ni mwepesi kuliko sisi. Angetaka kuuma angeuma. Lile lilikuwa onyo, lichukulie kwa uzito.

Kabla ya mafunzo yoyote, apimwe na daktari wa wanyama, hasa kama tabia hii imeanza ghafla. Jino bovu, sikio linalouma au maumivu ya viungo humfanya mbwa asitake kusogelewa, na dawa za jamii ya steroidi huongeza njaa. Hakikisha pia chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati.

Wakati huohuo punguza nafasi za ugomvi. Ale kwenye chumba kilichofungwa au nyuma ya geti, na bakuli liokotwe akiwa ameshatoka. Viatu viwekwe juu. Mtoto asiachwe naye peke yao penye chakula, mfupa au mdoli wa kutafuna, na asishirikishwe kabisa katika zoezi nitakaloeleza. Hilo ni la watu wazima.

Zoezi lenyewe lina lengo moja: ujio wako uwe habari njema. Tafuta umbali ambao ukisimama anaendelea kula bila kukakamaa. Kama ni hatua tano, ni tano. Ukiwa hapo, mtupie kipande cha kitu anachokipenda kuliko kilichomo bakulini, kwa mfano nyama iliyochemshwa isiyo na chumvi, viungo wala mifupa. Kisha geuka uondoke. Wengi hukwama hapo kwenye kuondoka, wanabaki wamemsimamia kama askari wa zamu, na mbwa anarudi kwenye wasiwasi wake. Tupa, ondoka. Rudia kila mlo, mara chache tu. Siku utakapomwona anainua kichwa mwenyewe ukija, mwili umelegea, mkia unapepea kwa raha, sogea nusu hatua. Akikakamaa, umekwenda haraka, rudi nyuma. Baba watoto naye aanzie mbali kama ulivyoanza wewe, kwa sababu mbwa akikuamini wewe haina maana amemwamini na yeye. Hesabu wiki nyingi, pengine miezi, na usimjaribu kwa kutia mkono bakulini eti uone kama amepona.

Akichukua kiatu, msimkimbize. Tupa vipande kadhaa vya chakula mbali na kiatu, kimoja baada ya kingine, na mtu mwingine akiokote kiatu wakati mbwa yuko mbali anakula. Kama alichokamata ni mdoli wake, mrudishie baada ya kubadilishana. Hapo ndipo anapojifunza kwamba kuachia si kupoteza.

Kwenye kochi, anachokilinda ni wewe pamoja na mahali alipolala. Akinguruma, usimkemee wala usimpapase kumtuliza. Nyanyuka taratibu uondoke. Usimvute kwa kola, maana wengi huumwa hapohapo. Kwa sasa kochi liwe marufuku. Mpe tandiko lake sakafuni, na umfundishe kushuka kwa kumtupia chakula chini huku ukisema "shuka", mkifanya mazoezi wakati ametulia. Baba watoto akiingia sebuleni, yeye ndiye awe wa kutupa kipande kwenye tandiko, kisha aendelee na shughuli zake.

Ukiona anakakamaa hata mtu akiwa mbali, au amefikia kutoboa ngozi, usiendelee peke yako. Mwombe daktari wako akuelekeze kwa mtaalamu wa tabia za mbwa asiyetumia kipigo. Na meno yakimgusa mtu, hata kama mbwa amechanjwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.