Unanunua baiskeli za umeme za ofisi? Anza na mguu wa kijana na mkono wa fundi

Wewe uliyekabidhiwa kazi ya kununua baiskeli za umeme za kukunja kwa ajili ya kampuni, karibu. Kazi hii nimeishika Dar es Salaam, kwenye kupeleka nyaraka na dawa, na nimekwisha kununua vibaya kabla ya kununua vizuri. Katalogi itakuonyesha wati na kasi. Mimi nataka umtazame kwanza kijana atakayeipanda, halafu fundi atakayeifungua.

Jiulize kwanza kama kweli unahitaji baiskeli ya kukunja. Bawaba inaongeza uzito na bei, na ni kiungo kimoja zaidi cha kulegea. Sisi tulikuwa na sababu: ofisi iko ghorofani Posta, chini hakuna pa kuzilaza usiku, na vijana huvuka na kivuko kwenda Kigamboni, na humo kivukoni baiskeli iliyokunjwa haizibii watu njia. Kama una banda lenye kufuli, nunua isiyokunjwa. Kwa fedha ileile utapata fremu imara zaidi.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu sensa, yaani kifaa kinachoiambia mota iwake lini, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Mota inajuaje kwamba kijana anakanyaga? Sensa ya aina moja inahesabu tu mzunguko wa pedali: zikizunguka, umeme unakuja kwa kiwango ulichoweka, awe anakanyaga kwa nguvu au anazungusha tu. Aina ya pili inapima mguu unasukuma kwa nguvu kiasi gani, na mota inaongeza kwa kadiri hiyo. Ya kwanza ni rahisi sana kwa bei, na dukani, kwenye sakafu laini bila mzigo, huwezi kuona tofauti kubwa. Barabarani utaiona. Taa zikiruhusu, kijana mwenye kilo 20 kwenye keria anaondoka kwa mguu wake peke yake mpaka pedali zizunguke kidogo, ndipo mota inaamka. Halafu anapojipenyeza taratibu kwenye msongamano wa Kariakoo, akigusa pedali tu, baiskeli inaruka mbele.

Kijana wetu mmoja aligonga mkokoteni namna hiyo, akaumia goti, akakaa nyumbani wiki mbili. Baiskeli ile niliichagua mimi, kwa sababu ya unafuu wa bei, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo sinunui ya kubeba mzigo isiyopima nguvu ya mguu, na breki zake lazima ziwe na swichi inayokata mota papo hapo zinapobanwa.

Wati zisikutishe. Ulaya mota ya baiskeli inaruhusiwa wati 250 za mfululizo, na msaada unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo mifumo mingi mizuri imetengenezwa kwa kipimo hicho. Piga hesabu: kijana wa kilo 75, baiskeli kilo 18, mzigo kilo 20. Kupanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 12 kwa saa kunadai wati 220 hivi kwa ajili ya mwinuko peke yake. Mguu ukichangia wati 100, mota inapumua. Kijana akiiachia mota kazi yote, kasi inashuka, na mota ya kwenye gurudumu ikizunguka polepole chini ya mzigo inageuza umeme mwingi kuwa joto. Kama njia zenu ni za kupanda Kimara au Mlimani kila siku, fikiria mota ya kwenye pedali, inayotumia gia za baiskeli, ingawa inakula mnyororo haraka zaidi.

Magurudumu je? Inchi 16 inakunjika vizuri lakini kila shimo inalisikia. Mimi nachukua inchi 20, na hata hapo usiseme “inchi 20” ukanyamaza, kwani zipo rimu za milimita 406 na za 451, na tairi zake haziingiliani. Soma ubavuni mwa tairi: ukiona 47-406, hicho ni kipimo cha baiskeli za BMX, na tairi na tyubu zake si za kutafuta kwa tochi. Tazama pia waya wa mota ya nyuma. Lazima uwe na plagi ya kuchomoa karibu na gurudumu, la sivyo pancha moja inakuwa kazi ya karakana.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Kwa mzigo na kusimama-simama, panga wati-saa 12 kwa kilomita, na usipange kuimaliza: safari ya kilomita 24 ndiyo ya kuahidi. Kuijaza hakumalizi hata nusu ya yuniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo umeme usikusumbue kichwa. Gharama ni betri yenyewe, inayochoka kwa kuchajiwa mara mia kadhaa, na joto huizeesha mapema. Agiza za akiba pamoja na baiskeli, kwa meli, maana betri ya ukubwa huu hairuhusiwi kwenye begi la abiria wa ndege. Chaja ni ileile iliyokuja nayo. Msichaji usiku ofisi ikiwa tupu, wala mlangoni pa kutokea, na betri iliyoanguka au kuvimba isirudi kwenye chaja hata kama bado inawasha taa.

Kabla hujalipia kumi, nunua mbili. Mpe moja kijana mzito kuliko wote na nyingine aliye mwepesi, mwezi mzima, na mizigo ya kweli. Kila Jumamosi bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, uweke kidole kwenye bawaba: ikicheza, utaisikia. Mwisho mwite fundi mnayemtegemea, mpe spana zake mwenyewe, mwombe atoe gurudumu la nyuma, abadilishe tyubu na kulirudisha wewe ukitazama saa. Ikizidi nusu saa, rudi dukani kutafuta nyingine.