Ukienda Cádiz, lala hukohuko

Wageni wengi wanaozuru kusini mwa Hispania huifanya Cádiz mji wa kupitia tu: treni ya asubuhi kutoka Sevilla, picha mbele ya kanisa kuu, sahani ya samaki, jioni wamerudi. Mara ya kwanza nami nilifanya hivyohivyo, tena Jumatatu. Makumbusho yamefungwa. Saa tisa alasiri maduka nayo yameshusha milango, watu wamejipumzikia, mimi nazunguka na jua langu. Niliondoka nikisema mji huu sifa zake zimezidi. Mwaka uliofuata nilirudi, nikalala siku tatu, nikaona aibu.

Ushauri wangu: anzia juu. Mwaka 1717 ofisi iliyosimamia biashara ya Hispania na Amerika ilihamishwa kutoka Sevilla kuja Cádiz, na fedha ikaifuata. Matajiri wakajenga minara juu ya mapaa yao ili waone merikebu zikiingia. Zaidi ya 120 ingali imesimama. Panda mmoja wao, Torre Tavira, uone mji mzima umezungukwa na maji karibu pande zote. Mle ndani kuna chumba cha giza ambamo kioo na lenzi vya juu huiangusha sura ya mji kwenye duara jeupe mbele yako. Si video, ni mji wenyewe saa ileile. Nilimwona mama mmoja juu ya paa akianika shuka, upepo unamnyang'anya, yeye hana habari kwamba watu kumi na kitu wanamshangilia. Watu huingizwa kwa zamu, kwa lugha, basi kata tiketi mapema.

Sehemu ya utajiri huo ilitokana na Waafrika waliouzwa kama watumwa hapohapo Cádiz na kuvushwa Amerika. Unapoisifia minara, hilo nalo liwe kichwani.

Ukishuka, weka mkono ukutani. Mji wa kale umejengwa kwa jiwe linaloitwa ostionera, magamba ya chaza na kombe yaliyogandamana na mchanga. Nyumba nyingi zimepigwa lipu juu yake, kwa hiyo litafute kwenye ngome za baharini, au pale lipu ilipobanduka. Mimi niliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa, kati ya kuta za mawe ya matumbawe, vidole vyangu vililitambua kabla ya macho.

Makumbusho yako Plaza de Mina. Beba pasipoti: raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure, mimi nililipa yuro 1.50, na sijapata kutumia pesa vizuri hivyo. Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni, ndio walioanzisha mji huu, wakauita Gadir, na majeneza yao mawili ya marumaru yamelazwa pamoja, moja lina sura ya mwanamume, jingine ya mwanamke. La mwanamume lilipatikana 1887. Mwanaakiolojia Pelayo Quintero aliamini kuna mwenzake wa kike, akamtafuta miaka mingi, akafa 1946 hajamwona. Mwaka 1980 mafundi wakichimba msingi wa jengo jipya wakamkuta, na kiwanja kile ndicho kilichokuwa na nyumba ya Quintero. Mzee alikuwa akimlalia juu! Nilikaa pale karibu saa nzima. Nywele za yule mama zimechongwa vishungi vidogovidogo, zote jiwe.

Kanisa la San Felipe Neri, ilikopitishwa katiba ya Hispania ya 1812, litakuchukua nusu saa. Jumba la michezo ya kuigiza la Warumi, vivyo hivyo.

Jioni nenda ufuo wa La Caleta, kisha uulize tortillitas de camarones: uduvi mzima na maganda yake ndani ya rojo la unga wa ngano na dengu, umekaangwa mpaka unakatika kama kaki. Ila ukiamka ukakuta Levante inavuma, ule upepo wao wa matlai, ufuo uache. Utakula mchanga. Siku hiyo ndiyo ya makumbusho, mradi isiwe Jumatatu.