Faili la Inuktitut linaloonyesha "wkw5": usilifute, maandishi yamo humo humo

Mkuu uliyeuliza kuhusu mafaili ya zamani ya Inuktitut (lugha ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada), kwamba ukiyafungua kwenye kompyuta mpya unaona wkw5 na kNK5 badala ya silabi zao, yale maumbo wanayoandikia, tulia, faili ni zima. Mimi niko Ottawa, napanga kurasa kwenye ofisi ndogo ya uchapaji, kazi za Wainuit zinapita sana mikononi mwangu, na la kwanza kabisa nilimrudishia mteja nikamwambia limekufa. Roho iliniuma nilipojua kumbe lilikuwa halina shida yoyote.

Iko hivi, kabla silabi zao hazijaingia Unicode (orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake) watu walitengeneza fonti kama Nunacom, yaani walichukua herufi za kawaida za kibodi wakazivisha sura ya silabi. Ukibonyeza w unaona ᐃ, k unaona ᓄ, 5 unaona ᑦ. Kompyuta yenyewe imehifadhi wkw5 tu, ila ikivaa Nunacom inasomeka ᐃᓄᐃᑦ, Inuit. Fonti ikikosekana unabaki na wkw5. Na hiyo kNK5 ndo Nunavut, eneo la Wainuit huko Kanada.

Sasa ukitaka kulihamishia Unicode, chonde usigeuze faili zima kwa mpigo mmoja. Nilifanya hivyo kwenye kijitabu cha lugha mbili, Kiingereza nacho kikageuka silabi, na mbaya zaidi namba za simu za kituo cha afya, maana kila 4 ilikuwa ᒃ na kila 5 ikawa ᑦ, na kesho yake kinaenda mashineni! Kilichotuokoa ni kopi ya mwanzo ambayo hatukuigusa. Skripti yako, yaani ile programu ndogo ya kugeuza, iulize kwanza kila kipande kimevaa fonti gani, kama ni Nunacom igeuze, kama sio ikiache. Fonti za namna hii zilikuwa kadhaa na kila moja ina jedwali lake, usichanganye.

Halafu mpe msomaji wa lugha yenyewe apitie. Mama mmoja wa Kiinuit aliyekuwa anatusahihishia alichora kitu kama paa la nyumba kwenye kikaratasi akaanza kukizungusha mezani, paa likitazama juu ᐱ ni pi, kulia ᐳ ni pu, kushoto ᐸ ni pa. Umbo ndo konsonanti, upande linaotazama ndo vokali, mfumo uliotoka kwa James Evans kule Norway House mwaka 1840 kwa ajili ya lugha ya Wakree, wenyeji wengine wa Kanada. Afu akanionyesha mahali mtu kaandika > na < za hesabu badala ya silabi. Kwa macho sikuona tofauti, lakini ukitafuta lile neno kwenye faili hulipati, na kwake yeye neno lisilopatikana ni neno lililopotea, nami nakubaliana naye kabisa.

Silabi zenyewe ziliingia Unicode 3.0 mwaka 1999, mwaka ule ule Nunavut ilipozaliwa, na herufi walizokuwa wanakosa watu wa Nattilik, kundi moja la Wainuit, zimekuja 2021 tu, miaka yote hiyo walikuwa wanaungaunga. Kwa kusoma silabi za kawaida, Windows ina fonti ya Gadugi, inatosha.

Ukikwama weka hapa mistari miwili mitatu pamoja na jina la fonti kama lilivyo ndani ya faili, nikuangalizie jedwali lake.